Laika

Paka wangu huitwa Karani,
kwani hukalia daftari la maagizo
kila nitakapo kuandika jina la mteja.
Kibokoni, chumba cha juu,
mimi natoboa vito vya kofia,
yeye kalala juu ya bafta.
Miaka sita hatujazozana.

Mfunguo Mosi sikio likaanza kumnyonyoka.
Hakujikuna. Manyoya tu yalitoka,
duara la shilingi, kingo zina magamba
kama jivu la udi.
Bi Khole wa chini akasema ni husuda.
Mwingine akasema ndimu na chumvi.
Nikampaka ndimu. Mungu anisamehe
kwa ile sauti aliyoitoa.

Kisha hapa, kiganjani pa sindano,
ikaota shilingi ya pili. Yangu hii iliwasha.

Daktari Kadzo, kule Tudor, hakutaja husuda.
Alishusha pazia, akawasha taa ya zambarau,
akaiacha dakika tano ipate moto.
"Haina haraka hii. Nawe usiwe nayo."
Akammulika Karani.
Sikioni mashina ya nywele yakang'aa
kijani cha ndimu changa,
kijani nisichowahi kukiona katika uzi,
nami nyuzi nazijua.

"Si kila choa hung'aa," akasema,
"wala si kila king'aacho ni choa. Jitazame."
Nikajitazama: vipande vya uzi gaunini
vyang'aa buluu, vyeupe, vyanicheka.
Sabuni ya unga tu.
Basi akanyofoa nywele kwa kibano,
nyingine chini ya hadubini,
nyingine kisahanini, zilishwe, zingojwe:
wiki mbili, labda tatu,
tuone kuvu gani itaota.
Dawa hatukuingoja.

Mkobani nilikuwa na kofia, nikiishona foleni.
Sijui kilichonituma kuitoa.
Akaimulika.
Kati ya vito, pembeni mwa mshono,
laika moja. Kijani.

Laika; wingi wake malaika.
Nilipokuwa mdogo niliambiwa
wawili hukaa mabegani, huandika.

Alhamisi Twalib wa Kuze alichukua yake,
ya miezi minne, ya kufungia ndoa.
Nani angejua? Mtaa mzima hauna taa ile.
Nilifika Makadara, nikarudi hatua,
nikasimama kwa muuza viazi
nikanunua viazi nisivyovitaka.
Kisha nikaenda.
"Ile kofia, baba, nirudishie."
Mamake akaja juu: "Wiki ya arusi?"
Yeye alikuwa amekwisha nyoa.
Akaivua, akajipapasa utosi,
akauliza, "Nayo yauma?"
Nikasema, yawasha. Ukipaka dawa yapona.

Niliichoma kwenye jiko la makaa.
Bafta huungua kimya.
Uzi wa hariri ndio unaolalamika.

Karani sasa yuko chumba cha uani, mlango umefungwa.
Mara mbili kwa wiki josho la chokaa na kiberiti,
asisuuzwe, akaukie nalo;
nyumba nzima yanuka mayai viza,
hata Bi Khole ameacha kupanda kuuliza.
Dawa ya kinywa wiki hii, wiki ijayo apumzike.
Nafagia, nadeki kwa jiki, nafua, nafagia tena.
Kisahani cha kwanza kiliota pamba nyeupe,
chakula chake kikageuka chekundu.
Cha pili hakikuota kitu.
Cha tatu tunakingoja.
Sikio limeanza kuvaa nywele.

Kila makaratasi aliyolalia, nimeambiwa, yachomwe.
Nimechoma.
Limebaki lile daftari la zamani, lililojaa.
Jana alipenyeza mkono chini ya mlango,
akapapasa sakafu kama mtu atafutaye miwani.
Nikamsukumia.
Nimesikia kurasa zikilaliwa.