Majirani wa Baba

Baba, nikamwambia, nisomee anwani.
Akanisomea ya posta:
shamba la Pihlaka, nyumba ya mwisho kabla ya kanisa,
kisiwa cha Saaremaa, na msimbo wake wa tarakimu tano,
polepole, kama mwalimu wa imla.
La, Baba. Anwani ya kompyuta.
Kimya. Kisha: Kwani inaishi wapi kama si humu?

Nikamwelekeza toka Tartu, simu begani,
mikono ikiendelea kumenya viazi.
Fungua lile dirisha jeusi. Haliumi.
Umekiona kijistari kinachopepesa? Kinakusubiri wewe.
Andika i, andika p, ruka nafasi, andika a.
Nikasikia kidole chake kimoja
kikidonoa vibonye kama kuku kwenye changarawe.
Sasa bonyeza kile kikubwa cha kulia.

Yamemwagika maneno, akasema. Nifute?
Usifute. Soma.

Mia moja ishirini na saba, nukta, sifuri,
nukta, sifuri, nukta, moja.
Siyo hiyo.
Mbona ndiyo ya kwanza?
Hiyo ni ya mashine kujiitia yenyewe.
Kila kompyuta duniani inayo, ileile,
kama sote tunavyosema "mimi"
na hakuna anayemgombeza mwenzake kwa wizi.
Akalitafuna hilo.
Yaani inajisemesha peke yake jikoni.
Sikujibu. Namjua mwingine
anayejisemesha peke yake jikoni
tangu tumzike Mama, Novemba.

Shuka chini, ipo nyingine.
Mia moja tisini na mbili, nukta, mia moja sitini na nane,
nukta, moja, nukta, ishirini na tatu.
Ndiyo! Nikainakili pembeni mwa gazeti lenye maganda.
Na hii wanaijua watu wote?
La, ni ya ndani tu. Kama lile jina ulilokuwa ukiniita
kabla sijaanza shule; ukivuka lango halina maana.
Akalitamka, jina hilo.
Miaka thelathini sijalisikia.
Nikavitia viazi jikoni bila chumvi.

Printa ikakubali, fomu ya kodi ikatoka, kazi imekwisha,
lakini Baba alikuwa amenogewa. Niandike nini tena?
Basi andika ip, ruka, n. Utaona majirani.
Jirani ninaye Endel tu, na Endel amelala.
Majirani wa mashine, Baba.

Walikuwa watatu.
Kisanduku cha taa za kijani, huyo tunamjua.
Printa.
Na wa tatu, anayeishia na arobaini na moja.
Nani huyo?
Sijui. Mwite.
Nikamfundisha kumwita: ni neno fupi,
hulia kama kijiko kwenye bilauri.
Akaita. Ikajibu.
Akaita tena; ikajibu, milisekunde nne,
karibu kuliko mlango.
Kuna kitu humu kinaniitikia, akasema,
na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Kiti kikaburutwa. Viatu vya mpira, mlango wa nyuma,
theluji ikivunjika chini ya nyayo.
Simu aliiacha mezani.
Tukabaki tukimsubiri, mimi na wa arobaini na moja.

Aliporudi alikuwa anahema.
Ni kipimajoto. Cha mama yako.
Alikifunga kwenye banda la vioo, nyuma ya nyanya,
asiwe anatoka usiku kwenda kupapasa baridi.
Nyanya hazipo. Kuna vijiti, na kamba alizozifunga yeye,
vile vifundo vyake.
Kinasemaje?
Kumi na moja chini ya sifuri.
Miezi yote hii kinapima, wala hakuna aliyekiuliza.

Kinakula umeme kidogo tu, nikasema,
ila ukitaka, chomoa waya.
Nimchomoe?
Alisema nimchomoe. Hakusema nikichomoe.
Mimi binti wa mwalimu wa sarufi, sikumsahihisha.

Kidole kikadonoa tena, mara nne.
Kijiko, bilauri.
Kisha akasema: Triin, viazi vyako.
Vinafurika, navisikia hadi huku.