Saa Sita Mbili

Bibi yangu Risten ana masikio mawili
yaliyochoka, na mengine mawili ya plastiki
yanayolala ndani ya kikopo, kama njugu.
Haya ya plastiki hula umeme. Kila jioni yanataka chakula,
na kule tulikokuwa tunakwenda hakuna ukuta
wa kuchomekea waya.

Basi nikabeba jua.
Yaani paneli nne nyeusi zinazokunjwa kama kitabu,
nimezifunga juu ya shanta kwa kamba za viatu,
waya umeshuka hadi kwenye betri ya akiba
mfukoni, ubavuni, pamoja na samaki mkavu.
Dukani Kiruna boksi liliahidi: masaa matatu, imejaa.
Boksi halijawahi kutembea.

Ukielekea kaskazini jua linakupiga kisogo
na paneli inashiba. Njia ikipinda kuzunguka ziwa
unatazamana na jua uso kwa uso: pua inaungua,
mgongoni ni giza.
Bibi alicheka. "Tembea kinyumenyume, Jovnna."
Nilijaribu. Hatua kumi na moja, kisha tope.

Siku ya pili mawingu. Ya tatu mvua,
ile mvua nyembamba isiyo na haraka,
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Taa nne za betri zikawa mbili, zikawa moja.
Simu yangu asilimia sita: humo mna ramani,
na ujumbe wa Biret nisioujibu bado.
Masikio ya bibi kimya tangu asubuhi.
Nilimwambia mto umefurika, tupande juu;
akanijibu kwamba ndiyo, kahawa ingefaa.

Usiku huo nilikuwa na waya mmoja mkononi
na vitu viwili vyenye njaa.
Sitajisifu. Nilichomeka simu kwanza.
Nikahesabu pumzi ishirini.
Nikaichomoa.

Asubuhi akayavaa. Akainamisha kichwa,
akasikiliza kama mtu anayeonja mchuzi.
"Unasikia nini?"
"Mbu," akasema. "Mbu elfu. Ndio hao ulionichajia?"
Tulicheka mpaka sufuria ikamwagika.
Kisha akainua kidole: mbali, ng'ambo ya mto,
kwato za kulungu wa kaskazini juu ya mawe,
na ule mlio mdogo wa miguu yao, tik, tik,
kila wanapopiga hatua.
Mimi sikuwa nimesikia kitu.

Siku ya nne kulipambazuka, ingawa neno hilo
huku halina kazi mwanzoni mwa Julai.
Jua halichomozi kwa kuwa halikuzama.
Linazunguka tu, chini, ukingoni mwa dunia,
na saa sita ya usiku na saa sita ya mchana
ni mapacha, hujui yupi mkubwa.
Niliitandika paneli mlangoni pa hema, nikalala kama gogo.

Niliposhtuka, kitambaa cha hema kilikuwa chekundu kwa mwanga.
Bibi hayupo. Viatu vyake havipo.
Nikachungulia. Yuko nyuma, koti juu ya nguo za kulalia,
anaisukuma paneli kwa ncha ya mguu,
kidogo, tena kidogo, anasimama,
anakinga macho kulipima jua, anasukuma tena.
Nyasi zilizolala zilionyesha alikopita:
mlangoni, ubavuni, nyuma,
duara karibu lifunge, kama la mbuzi wa kigingini
aliyekula majani yote hadi kamba ilipoishia.

Kikopo cha njugu kilikuwa pale kwenye mto wake, kimefungwa.
Waya haukwenda huko.
Ulikwenda kwenye simu yangu, iliyolala kivulini mwa kiatu changu
isipate joto:
asilimia arobaini na tatu.

Nikafunga zipu polepole, jino kwa jino,
nisimshtue,
kana kwamba angesikia.