Hewa, Karibu

Miaka ishirini na saba, hapa Katwe,
kazi yangu imekuwa kuifukuza hewa.
Sufuria yenye tundu, hata la ncha ya sindano,
mteja huirudisha mbele za watu:
"Semwanga, umeniuzia chujio."

Nikajifunza kukausha mchanga, kumimina taratibu,
kuondoa mapovu
kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele.

Ndipo akaja Naigaga, mhandisi wa juzi,
na kopo la unga wa kijivu:
titani iliyoshiba haidrojeni.
"Leo," akasema, "hewa tunaitaka."
Nikacheka. Vijana wa mivukuto wakacheka zaidi.

Tuliyeyusha pistoni za bodaboda,
fremu za madirisha, birika lisilo na mdomo.
Akatia kalisi; uji ukawa mzito,
mwiko ukaanza kugoma.
Kisha ule unga. Koroga! Koroga! Basi!
Na alumini
ikaumuka,
kama kinyunya cha maandazi kilichosahauliwa juani,
ikapanda kingo za kalibu ikiguna,
tukaimwagia maji mbio
kabla pumzi haijatoroka.

Msumeno ukaipasua. Ndani: vyumba, vyumba,
kila kimoja na kuta zake, hakuna mlango.
Katwe tupu, nikasema,
ila humu hakuna anayedaiwa kodi.

Nikatupa kipande kwenye pipa. Kikaelea.
Nikakizamisha kwa kidole. Kikarudi.

Naigaga akaweka kingine chini ya jeki ya lori.
Nilingoja kishindo.
Hakikupasuka. Kilikunjamana, ghorofa baada ya ghorofa,
kikimeza uzito
kama mtu anayesikiliza matusi hadi mwisho
asijibu.

"Hiki kikae nyuma ya bampa la basi," akasema.
"Hiki, tukikitoboatoboa, ukutani kwa kinu cha mahindi,
kelele ziingie zisahau njia.
Hiki katikati ya mabati mawili:
sakafu ya gari la wagonjwa, nyepesi, haishiki moto."
Kwenye neno *basi* sauti yake ilishuka.
Sikumuuliza. Nilimpa kitambaa afute masizi.

Usiku nikavuta zile kumi na nne kutoka chini ya meza,
sufuria zilizorudishwa,
nikaziinua moja moja mbele ya balbu.
Kila tundu likanipa nyota yake.
Zamani nilikuwa naziita aibu.

Kesho nina oda ya shule, sufuria arobaini.
Hewa, kesho usije.
Keshokutwa, karibu.