Dakika Tisa

Gundars anaendesha tramu.
Liepaja ina njia moja tu ya tramu,
haina matawi, haina kona ya kupotelea:
inakwenda hadi mwisho, inageuka, inarudi.
Hata mtoto angeweza kusema babake yuko wapi.
Mimi siwezi.

Zamu yake huisha saa kumi na mbili na robo.
Kutoka karakana hadi mlangoni petu ni dakika kumi na nne,
kumi na saba barafu ikishika.
Nimezipima. Siku moja nilitembea naye, saa mkononi,
yeye akidhani tunatembea tu, kama wapendanao.

Dakika ya kwanza akichelewa, nafuta meza.
Ya tatu, naifuta tena.
Ya tano, ameteleza relini.
Ya sita, yuko na Dzintra wa tiketi, yule anayecheka hadi ufizi.
Ya saba nawahurumia wote wawili,
maana ya nane tramu imepinduka,
tramu yenyewe ya mwendo wa punda,
na ya tisa nimeshamzika:
nimemchagulia suti ya kijivu, ile ya harusi ya dada yake,
nimekumbuka haina kifungo cha pili,
nimetoa sindano na uzi.

Hivyo ndivyo anavyonikuta. Ninashona.
Pua nyekundu kwa upepo, mikono inanuka samaki wa moshi.
"Kulikuwa na foleni," anasema, na kuweka mkate mezani.
Mwingine angepiga vigelegele: maiti imerudi na mkate!
Mimi namnunia.
Siku mbili, tatu. Mara moja tulifika kumi na moja,
chumvi ikipita kwa mtoto:
Estere, mwambie baba. Estere, muulize baba.
Kwani nilimlilia matanga mazima
na mwenye matanga hakuhudhuria.

Wasiwasi ndiyo akili, watu husema.
Basi mimi nina akili ya kujaza ghala.
Nimeirithi kwa mama, pamoja na masikio.
Yake yalisikiliza buti za baba kwenye ngazi,
hatua ipi ni ya mshahara, hatua ipi ni ya pombe,
na lini atuvushe uani kwa mlango wa nyuma.
Kwake ilikuwa akili kweli.
Kwangu ni masikio tu, yamebaki zamu,
yanamtafuta marehemu
katika nyayo za mtu asiyegusa hata bia.

Jumanne jino liliniuma, nikachelewa mimi.
Daktari alikuwa na wagonjwa wanne mbele yangu
na simu yangu ilizima kwa baridi.
Nilipofungua mlango, Estere alikuwa dirishani,
pumzi yake imechora duara kwenye kioo,
midomo inahesabu bila sauti. Ana miaka saba.
Kitandani alikuwa amelitandaza gauni langu la buluu,
mikono imenyooshwa vizuri,
na chini yake viatu viwili, kimoja si chake.

Hakunikimbilia.
Alinitazama kama mtu aliyedhulumiwa kitu,
kisha akamgeukia Gundars:
"Baba, mwambie mama supu imepoa."

Gundars hakusema neno. Alipasha supu.
Nilikaa na koti langu, shavu limevimba,
nikitaka kumwambia mwanangu kwamba duniani
kuna kuchelewa tu. Kuchelewa kwenyewe. Basi.
Ulimi ulikuwa na ganzi, na si wa dawa pekee.

Tangu hapo nalifanyia mazoezi jikoni, neno hilo,
kama mgeni anayejifunza salamu:
umechelewa tu, karibu, umechelewa tu.
Jana ilikuwa dakika kumi na mbili.
Meza niliifuta mara sita.
Alipoingia nilisema, kwa sauti iliyokwaruza,
"Foleni?"
Akasema, "Foleni."
Estere aliacha kuchora, akatutazama, mmoja mmoja,
kisha akaendelea.

Sindano sikuitoa.
Lakini najua ilipo.