Umri wa Jiwe

Tulikuwa kumi na mmoja kwenye benchi la ukumbini:
wavulana tisa, mimi, na Furaha wa Himbi
aliyekariri vipimo vya ugumu kwa midomo mitupu,
talki, jasi, kalsaiti,
kama anayesali rozari asimwamshe mtoto.
Viatu vyangu vilikuwa vya shangazi Mbambu,
namba thelathini na tisa. Mimi ni thelathini na saba.
Gazeti lilijaza tofauti.

Ndani, meza ndefu, na feni
iliyogeuza shingo huku na huku
kama anayekataa kila asemalo mtu.
Vyeti vyetu vingeruka,
ila vilikuwa vimekandamizwa na jiwe jeusi
la ukubwa wa mkate wa mtu mmoja.

Injinia Mushagalusha, wa Bukavu, miwani juu ya paji,
aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuuliza mara nane.
Programu zipi za kompyuta? Nikazitaja,
pamoja na moja niliyoiona tu kwenye picha.
Utaweza kukaa porini wiki sita? Nitaweza.
Na wanaume watupu? Nikasema
mbu hawabagui. Bi. Tshilanda akacheka,
akaandika kitu.
Unajiona wapi baada ya miaka mitano?
Dirishani mlima ulikuwa umejifunga wingu kiunoni.
Katika mji huu, swali hilo huulizwa na wageni.
Nikasema: hapa hapa,
Mungu akipenda na ardhi ikikubali.

Kisha injinia akaliinua jiwe
(Bi. Tshilanda akawahi kuweka kiganja juu ya karatasi)
akalisukuma kwangu.
Lina umri gani?

Walionitangulia walisema milioni.
Niliwasikia kupitia mlangoni,
milioni mbili, milioni kumi na mbili,
kama watu mnadani.

Nikalipima mkononi. Basalti.
Jepesi kuliko sura yake, limejaa matundu,
pumzi za gesi zilizokosa njia.
Nikaligeuza. Chini yake, msumari wa bati:
kofia nje, mwili ndani,
kutu imetia doa la rangi ya chai.

Nikasema: kilichomezwa
kilikuwapo kabla ya kilichomeza. Hiyo ni kanuni.
Basi msumari umelizidi jiwe umri.
Hata mimi nimelizidi, miaka mitatu na ushei.
Mwezi wa kwanza, elfu mbili na mbili. Alhamisi.

Injinia akashusha miwani.
Umesema siku gani?
Alhamisi.

Mengine sikuyasema. Hayakuwamo kwenye tangazo la kazi:
kwamba nilivuka kwenda Gisenyi mgongoni mwa mtu
nikililia kandambili moja;
kwamba tuliporudi ardhi ilikuwa bado ikifuka
na majirani wakipima viwanja kwa kumbukumbu,
huyu akisema hapa palikuwa choo changu,
yule akibisha, choo chako kilikuwa kwangu;
kwamba baba alijenga tena juu ya paa la nyumba ya kwanza
na tangu hapo tunaishi ghorofani
bila ngazi ya kushukia chini.

Walisema watapiga simu. Wote husema.
Jiwe likarudi juu ya majina yetu.

Kona ya Birere nikavua viatu.
Chukudu mbili zilipita zimeelemewa mawe ya kujengea,
zao pekee la mji huu lisilongoja mvua.
Kijana wa nyuma akanitania:
dada, lami itakuunguza.
Nikamwambia imekwisha kupoa.

Nyumbani mama alikuwa akichambua maharagwe.
Wamekuuliza nini?
Umri wa jiwe, mama. La kwetu, jeusi, lenye msumari.
Hakuinua macho. Akatupa punje iliyotobolewa.
La mlangoni, akauliza, au la jikoni?
La jikoni ni dogo.
Lilichelewa. Liliingia usiku.