Daftari la Bi Muhaza

Jumanne, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia,
Al-Khoudh, mwezi wa saba. Kiyoyozi kinadondosha maji
kwenye ndoo ya rangi, na kuimwaga ni kazi yangu.
Viatu mlangoni: jozi kumi na tisa,
na kimoja cha mtoto, mwenziwe hajulikani.

Mimi ndiye mwandishi wa kuazima na kurudisha.
Najua mengi nisiyoulizwa.
Najua Zeyana huchukua kitabu kile kile cha nyota
na hukirudisha kikinuka udi, ukurasa wa arubaini umekunjwa.
Najua vitabu vya mapishi vikitoka kwa Bi Nasra
huwa na manjano pembeni, kama vidole vyake.
Namjua anayejifunza alama za barabarani
kitabu kapakata, kofia ya kushona kaiweka juu;
mumewe yuko chini, garini, injini inanguruma,
hajui kwamba iko siku atakaa kiti cha abiria.

Dirishani wanashona. Sindano yaingia tundu, yatoka tundu,
na mazungumzo vivyo hivyo,
Kiarabu kikiingia, Kiswahili kikitoka,
wajukuu katikati wanacheka
wala hawajui wanachekea nini.

Leo Rayya kaleta daftari.
La bibi yake, Bi Muhaza, aliyetutoka Rajabu.
Lilikuwa kashani, chini ya kanga sita zisizovaliwa,
jalada jekundu, pini zimeota kutu.
"Herufi nazisoma," kasema, "maneno siyapati.
Ni herufi zetu, lakini si Kiarabu."
Mtu akazima cherehani.

Tatu, mtu wa Pangani, huja na watoto wa bosi wake
na huketi karibu na mlango
kama aliyefika kwenye msiba wa watu asiowajua.
Tatu akasema, "Hebu soma kwa sauti."

"Bishi mbili."
"Pishi. Pishi mbili."
"Kubu la samli."
"Kopo!"
"Shungu kikubwa."
"Chungu, mwanangu. Chungu."

Mmoja ana macho, mmoja ana masikio,
na marehemu akaanza kusema
kwa vinywa viwili vya kuazima.

Tulitaraji wasia. Zeyana alitaraji mapenzi,
uso wake ulikwisha mchongea.
Yalikuwa madeni.
Kurasa thelathini na moja za madeni ya mtaa mmoja wa Unguja:
fulani sukari, fulani mafuta ya taa,
fulani nusu shilingi, *kaapa Ijumaa*,
Ijumaa ipi, Mungu ndiye ajuaye.
Tulisoma nne, tukarukia ya mwisho
kama wasomaji wabaya wote.

*Binti Hareb, dhiraa tatu za melimeli. Hajalipa.
Simdai. Ana mimba.*

Ghanima akaweka kofia chini, sindano bado imening'inia.
"Huyo mama yangu," akasema.
"Na mimba hiyo ni mimi."

Kisha akafungua mkoba, akatoa riyali tano,
akamfumbatisha Rayya.
Rayya hataki. Ghanima hataki kutotaka kwake.
"Bibi kaandika hadai!"
"Hakuandika kasamehe!"
Noti ikaenda, ikarudi, ikaenda,
mpaka ikaangukia mezani kwangu, juu ya daftari langu,
na mimi, kwa mazoea ya mkono,
nikaandika: melimeli, dhiraa tatu, imerudishwa.
Tukacheka. Bi Nasra alilia kwanza, kisha ndiyo akacheka.

Simu ya Tatu ikalia. Akasimama kabla ya kuipokea.
Akawakusanya watoto, mmoja kachumbari ya wino usoni,
mmoja mguu peku.
"Jumanne ijayo?" Rayya akamwuliza,
kidole bado kiko ndani ya ukurasa wa tano.
"Nikipewa ruhusa," Tatu akasema,
akavaa viatu vyake, vya mwisho kabisa kwenye safu.

Rayya hakukifunga kitabu.
Mimi nikageuka, nikakuta maji yamefika kwenye zulia.
Ndoo ilikuwa imejaa zamani.