Namtazama Sikioni

Homa iliniacha siku ya tisa. Nikarudi buchani,
nikanoa kisu, nikamkatia Kyarisiima kilo ya mbavu.
Akacheka: "Mbona waiangalia mizani kwa upande,
kama kuku?"

Nilikuwa nautafuta mshale.
Ulipo mshale pana doa,
rangi ya chai iliyomwagikia shuka.
Nikihamisha jicho, nalo linahama.

Mbarara, daktari alinitia matone,
akanionyesha picha ya ukuta wa ndani wa jicho:
mishipa myembamba, mmoja umeziba,
kando yake damu imevuja.
Damu naijua. Miaka kumi na saba nachinja.
Sikujua yule ng'ombe aliyetupa mimba,
niliyemchuna mikono mitupu wakati wa mvua,
angekuja kunidai humu.
"Virusi vimekwenda," akasema. "Limebaki kovu."

Sasa mizani anasoma binti yangu, Kobugabe.
Mimi nakata kwa vidole; kiungo cha mfupa hujitaja chenyewe.
Jioni vilima vya Kabale vipo vyote,
kingo zake, moshi wake, mabati yake.
Usoni kwa mwanangu tu ndipo pasipo na mtu.

Namtazama sikioni,
ndipo mdomo wake unapokuja,
ukicheka.